Kinachogonga Chini ya Mti wa Tatu

Kila asubuhi, kabla ya kuvaa sare ya shule, Zaina alikwenda kuamkia miti. Hilo si fumbo. Shamba la familia yao lilikuwa nyuma ya nyumba, kule Lubunga, ng'ambo ya mto, mkabala na mji, na ndani yake hapakuwa na muhogo wala ndizi kama mashamba ya watu wenye akili timamu. Palikuwa na misonobari: safu sita, kila safu na mwaka wake, mipana chini, iliyochongoka juu. Ilikuwa miti ya Noeli, na wenyewe walikuwa Waislamu.

"Nyinyi ni watu wa ajabu," Chancelle, rafiki yake wa darasani, alipenda kumchokoza. "Hamusherehekei Noeli, lakini munaiuza!"

"Na papa yako anauza majeneza," Zaina alimjibu. "Amekufa mara ngapi?"

Ndivyo alivyokuwa Zaina. Alikuwa na miaka kumi na miwili, na ulimi wake ulikuwa umemtangulia kwa miaka mitatu hivi.

Kazi yake ya asubuhi ilikuwa ndogo lakini haikuwa ya kuruka. Alitazama kama mchwa wamejenga kwenye shina. Aling'oa majani yaliyoanza kupanda matawini. Kisha alikagua vijiti. Kila mti, tangu ukiwa mchanga, ulisimikiwa kijiti kirefu, na juu yake kikafungwa kingine kwa kukingama, ili kichwa cha mti kikue wima na matawi yasilalie upande mmoja. Kwenye makutano ya vijiti hivyo babu yake alikuwa ameanzisha desturi ya kutundika kibati chenye miaka miwili iliyoandikwa kwa msumari: mwaka wa kupandwa na mwaka wa kukatwa. Safu iliyokuwa imekomaa ilisomeka "2019 – 2025", mti kwa mti, mara thelathini na mbili.

Sasa simama mtoni, ndani ya mtumbwi, utazame. Unaona nini? Msalaba baada ya msalaba, na kwenye kila msalaba miaka miwili. Babu yake, Koko Yakubu, Mungu amrehemu, alijua miti kuliko wote Lubunga, lakini jambo hilo moja halikumpitia akilini. Muislamu huyo alikuwa ametengeneza makaburi ya Wakristo nyuma ya nyumba yake, bila kumzika mtu.

Koko alifariki mvua zile zile alizopanda safu ya 2019. Tangu hapo shamba lilikuwa mikononi mwa Tonton Sefu, mdogo wa mama yake Zaina, mtu mrefu aliyepogoa miti huku akiisemesha. Bibi Malika, mke wa Koko, ndiye aliyekuwa kichwa cha nyumba. Bibi alisalimiana na Lubunga nzima isipokuwa jirani yake wa ukuta kwa ukuta, Mama Florentine. Walinuniana kwa sababu ya sufuria moja ya zamani iliyopotea, hadithi ya watu wazima ambayo Zaina hakuwahi kuijali.

"Zaina, unajua huu mti ni mfanyakazi wa namna gani?" Tonton Sefu alizoea kumuuliza. "Ni yule anayekula miaka sita, kisha anafanya kazi siku ishirini tu. Tarehe moja Desemba ni mali. Tarehe ishirini na sita ni kuni. Tusipouza safu hii, hatununui mbegu. Tusiponunua mbegu, miaka sita mbele kutakuwa na mwaka mtupu. Njaa ya mwaka ule inapandwa leo."

"Na ikirefuka ikabaki?"

"Nyumba gani itaingiza mti wa mita nne? Labda ya twiga."

Maneno hayo aliyakumbuka vizuri mwezi wa Oktoba, walipoikuta miti miwili ya 2020 imevunjwa vichwa. Wanafunzi wa shule walikuwa na mchezo wa kuruka ua na kuchuma vile vichipukizi virefu vinavyosimama kama mishumaa. Mti wa Noeli usio na kichwa hauna pa kuweka nyota, na usio na pa kuweka nyota hauna mnunuzi. Tonton Sefu alipiga magoti mbele ya ule mmoja, asiseme neno. Kumwona Tonton bila neno kulimuuma Zaina kuliko kelele.

Basi akaamua kusaidia. Hapo ndipo mambo yalipoharibika.

Mti wa tatu katika safu ya 2019 ulikuwa mfupi kuliko wenzake, una rangi ya njano na umeinama kidogo. Tangu mvua za Septemba, kila upepo ulipotoka mtoni, kulisikika sauti pale chini. Misonobari yote huvuma upepo ukipita, kama mtu anayepumua kwa taabu. Hiyo Zaina aliizoea. Hii ilikuwa nyingine. *Ngo. Ngo.* Kama mtu anayebisha mlango kutoka ndani.

Alasiri moja aliwakusanya wenzake kando ya ua. Upepo ukaja. *Ngo.*

"Munasikia?" alinong'ona. "Munafikiri ile misalaba ni ya nini? Kila mti una mutu chini. Soma miaka yao. Na huyo wa tatu ni Koko wangu mwenyewe. Hapendi wanaovunja vichwa vya miti. Anahesabu viatu vyenu."

*Ngo. Ngo.*

Walikimbia kama kuku waliomwona mwewe. Mmoja aliacha kandambili yake na hakuirudia kamwe. Zaina alicheka hadi akashika ubavu, na kwa mwezi mzima hakuna aliyekanyaga shambani.

"Ajabu," Tonton Sefu alisema. "Hata mbuzi wamepata adabu."

Lakini uongo hauna kamba shingoni. Ulitoka Lubunga, ukapanda mtumbwi, ukavuka mto. Siku moja Zaina akirudi kutoka sokoni ng'ambo, mama mmoja asiyemjua alimgusa bega ndani ya mtumbwi.

"Mutoto, unaona lile shamba? Usipite pale. Wanazika watu wakiwa wamesimama. Ndiyo maana ile miti inanyooka hivyo. Ukiukata unatoa damu. Na ukiuingiza ndani ya nyumba, umemwingiza mwenyewe."

Zaina alitaka kucheka. Damu ilikuwa utomvu. Alijua, maana mikono yake ilinata utomvu huo kila juma. Lakini yule mama aliamini kila neno. Aliposhuka mtumbwini, Zaina alizunguka kwa njia ya barabarani ili asipite shambani.

Tangu siku hiyo asubuhi zake zilibadilika. Alianza safu ya 2019 kwa mti wa kwanza, wa pili, kisha akaruka kwenda wa nne, macho chini. Ukungu wa mto ulipokuwa umelala kati ya safu, vibati vililia taratibu, na miti ilipumua, na yeye akahisi shingoni kama kuna mtu anayesubiri aitikiwe. *Ngo.*

Alijiambia: Koko yuko kwenye makaburi ya Waislamu. Kisha swali lingine likaja polepole na kukaa. Nani alimwona? Alikuwa na miaka sita. Alikumbuka Bibi amemkumbatia chumbani, alikumbuka nyayo za wanaume wakitoka na jeneza. Watoto wa kike hawakwenda. Wanaume walirudi mikono mitupu, na hakuna aliyemwambia walikotoka. Je, kama mdomo wake ulisema kweli bila yeye kujua? Je, kama ni yeye aliyemwamsha?

Tarehe tatu Desemba alikuja Mama Philomène. Ndiye aliyenunua miti yao kila mwaka na kuisambaza mjini, kwa makanisa, hoteli na nyumba zenye sebule kubwa. Kwa kawaida alikuja na mtumbwi mkubwa wa mota na kelele nyingi. Safari hii alikuja peke yake, mkoba kwapani.

Zaina alikuwa jikoni akitwanga ndizi zilizochemshwa za lituma. Aliusimamisha mchi hewani ili asikie.

"Papa Sefu, usinikasirikie," Mama Philomène alisema. "Mwaka huu sichukui. Wateja wananiuliza: *Mama, ndani ya mti wako kuna nani?* Nifanye nini? Nimeagiza ile ya plastiki, inakunjwa kama mwavuli."

"Miti yote, mama? Hata kumi?"

"Hata mmoja. Pole sana."

Zaina akamsikia Tonton Sefu akiketi juu ya ndoo iliyopinduliwa, na ndoo ikalia kwa uzito wake. "Miaka sita," alisema. Hakumwambia mtu yeyote. Aliiambia ile safu.

Mchi ulianguka. Zaina alitoka jikoni na ndizi zilizopondwa hadi kwenye viwiko.

"Ni mimi," alisema. "Ni mimi nilisema kuna watu chini. Nilitaka wasivunje vichwa. Nilisema... nilisema wa tatu ni Koko."

Tonton Sefu alifumba macho. Lakini aliyesema kwanza ni Bibi Malika, kutoka mlangoni, kwa sauti ndogo ambayo Zaina hakuwahi kuisikia.

"Mume wangu alifanya kazi miaka sitini. Nikasema sasa amepumzika. Wewe ukamtoa, ukamweka mlinzi wa shamba?"

"Bon," Bibi alisema baadaye, akifuta uso kwa ncha ya kitenge. "Mdomo uliovuka mto ukarudi na hasara, uvuke tena."

Siku iliyofuata walivuka, yeye na Tonton. Ng'ambo walipanda toleka, kila mmoja na baiskeli yake na mwendeshaji wake, hadi dukani kwa Mama Philomène. Zaina alisema yote bila kupunguza, hata ile ya kandambili. Mama Philomène alimsikiliza, mkono kiunoni.

"Mimi nakuamini," alisema. "Lakini wateja wangu? Uongo wako ulipanda toleka, mwanangu. Ukweli wako unakuja kwa miguu. Nikiwaambia 'yule mtoto alidanganya', watasema wamemfundisha aseme hivyo."

"Sasa tufanye nini?" Tonton Sefu aliuliza.

"Fungueni udongo. Jumamosi nitakuja na wamama wa kwaya. Wao ndio wanaopamba kanisa, na wao ndio redio ya mji. Waone kwa macho."

"Mama, mti ukichimbwa mizizi unakufa! Nichague upi?"

"Wa tatu," Zaina alisema. Sauti yake ilitoka nyembamba kama uzi. "Ule nilioutaja."

Jumamosi alasiri mitumbwi mitatu ilitia nanga. Wamama wa kwaya kumi na wanne walisimama pamoja kama kundi la kondoo, na nyuma yao nusu ya Lubunga. Chancelle alikuja na kusimama karibu na Zaina. Hata Mama Florentine alikuja, akasimama upande wake wa ukuta, kidevu juu ya matofali. Anga ilikuwa imejaa mawingu mazito, na upepo ulianza kutoka mtoni.

*Ngo.*

Kondoo wote walirudi nyuma hatua moja.

Tonton Sefu alichimba. Alichimba kwa duara, taratibu, akitupa udongo mwekundu pembeni. Kila upepo ulipoyumbisha mti, ile sauti ilijibu, safari hii waziwazi, maana udongo haukuifunika tena. *Ngo. Ngo.* Zaina alihesabu pumzi zake. Kisha sepetu ikapiga kitu.

*Kang!*

Mama mmoja alianza sala kwa sauti. Tonton Sefu aliganda, jasho likimtiririka puani. Alimtazama Zaina, na Zaina akaona jambo lililomtisha kuliko yote: Tonton naye aliogopa.

Angeweza kukimbia. Njia ilikuwa wazi, na nusu ya watu walikuwa wameshaitumia. Lakini kama Koko alikuwa pale, basi ni yeye aliyemwita. Na mtu hamwiti babu yake mbele ya watu kisha akamkimbia. Alishuka shimoni, akapiga magoti, akaingiza mkono udongoni.

Kilikuwa baridi. Kilikuwa mviringo, kikubwa kama kichwa cha mtu.

"Kuna nini?" Chancelle aliita kutoka juu. "Zaina! Sema!"

Vidole vyake vilifuata ule mviringo, vikapanda, vikakuta kitu chembamba kilichojitokeza pembeni.

"Kina mkono," alinong'ona.

"KINA MKONO!" Chancelle alipiga yowe.

Basi usiulize. Wamama wa kwaya walikumbuka wote pamoja kwamba waliacha kitu mtumbwini. Vitenge vilipepea. Mama Philomène alibaki peke yake, lakini viatu vyake vilikuwa vimeshatangulia.

Katika vurugu ile Bibi Malika alisogea ukingoni mwa shimo, akainama.

"Mkono mmoja au miwili?" aliuliza.

Zaina alipapasa. "Mmoja, Bibi. Upande huu kuna matundu tu. Wa pili umekatika."

Bibi alinyoosha mgongo. Kisha akasema, "Sefu. Toa sufuria yangu."

Waliitoa. Ilikuwa sufuria nzito ya zamani, yenye mkono mmoja, na ndani yake mizizi ya msonobari ilikuwa imejikunja na kuzunguka mara kumi, kama nyoka aliyenyimwa mlango. Miwili tu ilikuwa imeruka ukingo na kuufikia udongo. Mti haukuwa na pa kushika. Ndiyo maana kila upepo uliuyumbisha, na shina likagonga ukingo wa sufuria. *Ngo.* Hiyo ndiyo sauti. Hiyo ndiyo hadithi yote.

"Alileta mche mmoja ndani ya sufuria yangu," Bibi alisema. "Nilimuuliza: Yakubu, sufuria iko wapi? Akaapa hajaiona. Aliogopa kuvunja mizizi ya mche, au aliogopa mdomo wangu, sijui. Akafukia vyote." Machozi yalimtoka, na ndani ya machozi akaanza kucheka. "Mwizi wangu! Mwizi wangu mpenzi!"

"Na mimi?" ilisema sauti ukutani. Mama Florentine alikuwa bado pale, kidevu juu ya matofali. "Miaka sita hunisalimii! Ulisema mbele ya watu kwamba mimi ndiye niliyeichukua!"

Bibi Malika alifuta macho. Alivuka udongo uliochimbwa, hadi ukutani, na sufuria mkononi.

"Mama Florentine," alisema. "Habari za miaka sita?"

Mama Florentine alijaribu kubaki na hasira. Alishindwa. "Sufuria yenyewe mbaya hivi," alisema, "ningeiba ya nini?"

Wamama wa kwaya, walioanza kurudi mmoja mmoja, walicheka kwanza kwa aibu, kisha kwa nguvu. Sufuria ilipita mikononi mwa wote kumi na wanne. Mwenye kutaka kuona udongo aliuona: mwekundu, mtupu, wenye minyoo miwili.

Bibi alimwita Zaina akae karibu naye juu ya rundo la udongo.

"Koko wako alikuwa mtu mwema, na alisema uongo mmoja mdogo," alisema. "Na wewe si mtoto mbaya, ukasema wako. Tazama hii mizizi, mjukuu wangu. Uongo unaufukia, unasema umekwisha. Juu mti unaota, watu wanapita, wanasema vizuri. Lakini chini mizizi inazunguka palepale. Mimi nilipoteza jirani. Mti ulipoteza urefu. Sefu nusura apoteze miaka sita. Hata ukiusema kwa kusaidia, ukiogopa, ukicheka, siku upepo ukija utagonga. Na atakayesikia kwanza ni wewe uliyeufukia."

"Nimesikia, Bibi," Zaina alisema. Na alikuwa amesikia kweli, miezi mitatu.

Mama Philomène alichukua miti ishirini siku ileile. Wamama walisambaza habari ya sufuria kwa kasi ambayo hata uongo haukuwahi kuwa nayo, kwa kuwa ilichekesha zaidi. Kufika mkesha wa Noeli walikuwa wameuza ishirini na sita. Mitano ilibaki, na tarehe ishirini na sita, kama Tonton alivyosema, ikawa kuni. Hakulalamika. Mbegu zilinunuliwa, mwaka mtupu haukupandwa.

Mti wa tatu haukuuzwa wala kukatwa. Tonton Sefu aliifungua mizizi yake kwa vidole, mmoja mmoja, akaupanda tena, huru, akisema kwamba pengine utakufa na pengine hautakufa.

Zaina alipewa kazi ya likizo: kuandika upya vibati vyote. Sasa, ukipita na mtumbwi ukawa na macho makali, utasoma: "Nimepandwa 2020. Nitauzwa 2026. Mzima kabisa." Hiyo ya mwisho ni yake, Bibi aliicheka akaiacha.

Ijumaa moja Bibi alimchukua hadi makaburini, akamwonyesha. Palikuwa na kichuguu kidogo cha udongo kilichoota majani, na jiwe bila jina. Zaina alikaa pale, akaomba msamaha kwa sauti ya kawaida, kama mtu anayezungumza na babu yake.

Jumatatu iliyofuata, shule ilipofunguliwa, aliamka kuamkia miti. Wa kwanza na wa pili ilikuwa visiki tu sasa. Mbele ya wa tatu alisimama, akangoja upepo. Ukaja kutoka mtoni, ukayumbisha matawi ya njano, miti yote ikapumua. Alitega sikio.

Hapakuwa na kitu. Alibaki pale muda kidogo, ameinamisha kichwa, na kwa mara ya kwanza tangu siku ile ya mtumbwini, alimkumbuka Koko bila kuogopa. Kisha akakaza kijiti chake, akaenda kuvaa sare.